Bado Naimarisha

Mama mkwe wa Sentimita alitaka boriti za marehemu mumewe zing'olewe, zikatwekatwe, ziwe kuni. Alilitamka jambo hilo asubuhi, kabla hata ya kumkaribisha mkwewe kiti, kwa sauti ya mtu aliyekata shauri zamani na sasa anatoa taarifa tu.

"Zote," alisema, amesimama katikati ya sebule, kidole kimeelekea juu. "Usinibakizie hata moja. Nimechoka kujinyoosha kwenye kochi langu natazama mbavu za nyumba."

Sentimita aliinua uso. Boriti zilipita juu yao kutoka ukuta hadi ukuta, nzito, zimepigwa randa zikalainika, na juu yake hakukuwa na kitu ila kiza cha chini ya bati. Palitakiwa kuwa na sakafu pale. Palitakiwa kuwa na chumba kizima, na dirisha lake lilikuwa tayari ukutani, limewekwa vioo na kila kitu, linatazama chumba kisicho na pa kukanyaga.

"Mama, hizi ni mbao nzuri sana," alisema Sentimita kwa upole. "Siku hizi hata ukizitafuta huzipati."

"Basi zitawaka vizuri."

Na hapo hakuwa anatania. Mama mkwe akitania alikuwa anafunga jicho moja, na asubuhi ile macho yote mawili yalikuwa wazi.

Jina la Sentimita alipewa na huyo huyo marehemu. Alikwenda kwake akiwa mgeni wa nyundo, anapima ubao, anaupima tena, kisha anautazama kwa shaka kana kwamba ubao umemdanganya. Fundi Mzee, kama marehemu alivyoitwa, alicheka hadi akashikilia meza, na jina likaganda. Baadaye mwanafunzi huyo alipomposa binti wa nyumba ile, mzee alitangaza mbele ya watu kwamba huyu mbao anazipima mara mbili mbili, lakini mke hakumpima hata mara moja, aliona akabeba. Watu walivunjika mbavu. Mama mkwe mtarajiwa yeye alimtazama mposaji kutoka mabegani hadi viatuni, akataja ukubwa wa shati lake na wa suruali yake bila kumgusa, na hakukosea.

Maana alikuwa fundi cherehani, tena si wa kubahatisha. Ukimpelekea kitambaa cha gauni, alikurudishia gauni na kitambaa cha kichwa, na bado ukaona kipande kidogo kimebaki cha kufutia miwani. Hakuwahi kuharibu nguo ya mtu. Aliijua miili ya wanawake wa mtaa mzima kuliko walivyoijua wenyewe, na hata ujauzito wa bintiye aliugundua yeye, siku alipomshika kiuno jikoni ampishe apite. "Umeongezeka," alimwambia, "na si kwa wali." Binti alikwenda kupima kwenye maabara ya hospitali alikofanya kazi, akarudi na majibu yaleyale.

Ndiyo sababu ya Sentimita kuwa pale asubuhi ile na mkanda wa nyundo kiunoni. Chumba walichopanga yeye na mkewe kilikuwa kidogo mno, ukifungua mlango unagonga kitanda, na mtoto alikuwa njiani. Mama mkwe akasema njooni kwangu. Chumba cha juu ni chenu, kamalizieni sakafu. Lakini sharti lake lilikuwa hilo: boriti mpya.

"Kila mtu mjini hapa anakanyaga sakafu ya mume wangu isipokuwa mimi," alisema, na safari hii sauti ilimshuka. "Daktari anakanyaga. Mwenye duka la vyuma anakanyaga, na deni hakulipa. Mimi aliniahidi chumba cha kushonea, chenye mwanga. Tukapandisha boriti pamoja, mimi mwenyewe nikamshikia tepu. Waashi wakajenga ukuta ukazishika. Halafu basi. Kila nikimuuliza, bado naimarisha. Anapanda, anagonga kijiti kimoja, anashuka. Vipi baba, lini? Bado naimarisha. Mpaka amekufa anaimarisha."

Miaka ile ya mwisho Sentimita alikuwa mbali, kwenye kazi ya majengo ya shule, na habari za sakafu alizisikia kwa mkewe tu, kwa mafungu. Fundi Mzee alimpenda kama mwanawe na yeye alimpenda vilevile, lakini ukweli ni kwamba hakuelewa. Mtu aliyemaliza sakafu ya ukumbi mzima bila kupumzika alishindwaje na chumba kimoja cha mkewe?

"Nipe nafasi kwanza nijaribu, mama," aliomba. "Nilaze mbao zangu juu ya hizi hizi. Zikikaa, ziache. Zikikataa, nitazing'oa mimi mwenyewe."

Mama mkwe alimpima kwa macho, kama kawaida yake.

"Haya. Lakini zikikataa, moto nawasha mimi."

Plaiwudi zilifika kwa mkokoteni, mpya, zinanukia gundi, zote sawasawa kama karatasi za daftari moja. Sentimita alizipandisha moja moja kwa kamba, akaanza kuzilaza kwenye pembe ya nyuma.

Kazi ya sakafu ya mbao ina siri ndogo ambayo kila seremala anaijua. Mwisho wa plaiwudi lazima uangukie katikati ya boriti, ili hiyo ipate nusu na plaiwudi inayofuata ipate nusu yake, zote mbili zipigiliwe misumari kwenye kitu kigumu. Plaiwudi ikiishia hewani, utaikanyaga leo itanyamaza, kesho italia, na mwakani itakutumbukiza kwenye chai ya watu walioketi chini.

Safu ya kwanza, upande wa ukuta alikoanzia kazi mzee, ilikaa vizuri mno. Mwisho wa plaiwudi uliangukia katikati kabisa ya boriti, na Sentimita akatabasamu peke yake. Huyo ndiye mzee ninayemjua, alijisemea. Safu ya pili, inayosogea kuelekea ukuta wenye dirisha, ilikosa kidogo. Ya tatu ilikosa sana. Kona ya plaiwudi ilipita kando, na boriti iliyotakiwa kuipokea ilikuwa imejitenga pembeni.

Alitoa tepu, na kwa kuwa alikuwa Sentimita, akapima mara mbili. Upande wa mzee, nafasi kutoka boriti hadi boriti zililingana zote. Upande wa dirisha, kila nafasi ilikuwa imezidi. Zilikuwa zimefunguka kama vidole vya mkono: huku zimekaribiana, kule zimeachana. Ukiwa chini huoni, kwa sababu hakuna anayepima dari kwa jicho akiwa anakunywa chai.

Kilichomshangaza ni kwamba zilizidi kwa kiasi kilekile. Kosa la haraka huwa linarukaruka, hapa limezidi, pale limepungua. Hili lilikuwa kosa lenye adabu zake. Alipiga magoti, akapuliza vumbi kwenye ubao uliolazwa juu ya ukuta, akaona alama. Upande wa mzee alama zilikuwa za penseli nene ya seremala. Upande wa dirisha zilikuwa za chaki ya buluu, nyembamba, iliyonyooka vizuri, ile chaki bapa ya kuchorea vitambaa.

Sentimita aliketi juu ya boriti, miguu ikining'inia sebuleni.

Halafu akaviona vile vijiti alivyokuwa akivigonga mzee. Aliviona tangu chini, kila mtu aliviona, na kila mtu aliamini ni vya kuimarisha kama mzee alivyosema. Lakini ukiwa juu ulikuwa unaona jambo lingine. Mzee alikuwa ameongeza mbao mbili nyembamba, kila moja ubavuni mwa boriti yake. Upande wake mwenyewe mbao na boriti vilikuwa vimeshikana, na kadiri zilivyoelekea dirishani zilikuwa zinaachana, vipande vidogo vya mbao vikiwa vimechomekwa katikati kuzishikilia. Boriti ilikwenda upande, mbao mpya ilikwenda moja kwa moja. Na hizo boriti hazikuchaguliwa ovyo. Zilikuwa ni zile ambazo juu yake plaiwudi mbili zingekutana.

Alivuta plaiwudi yake, akailaza tena. Kona iliyokosa boriti iliangukia katikati ya mbao ya mzee. Akajaribu kwenye ile nyingine. Ikakaa hivyo hivyo, bila kuzidi wala kupungua.

Palipotakiwa mbao ya tatu, mbao yenyewe ilikuwa imelala tu juu ya boriti, imekatwa, imepigwa randa, ina alama za penseli. Haikuwa imepigiliwa. Mzee hakuwahi.

Alijua, Sentimita aliwaza. Alijua boriti zimekaa upande, akajua zimeshikwa na ukuta hazisogei, na akawa anazirekebisha moja moja bila kumwambia mtu. Kitu alichokuwa hakijui Sentimita ni kimoja tu: kwa nini upande ule ulizidi, tena kwa kiasi kilekile kila mahali.

Jibu lilimjia wakati anakunywa chai. Mama mkwe alikuwa mezani kwake anakata nguo za mjukuu, vigauni vidogo unavyoweza kuvivika kiganja. Aliweka tepu yake ya kitambaa, akasoma kipimo, kisha, kabla ya kuweka chaki, akalaza kidole cha shahada pembeni ya tepu na kuchora mstari upande wa pili wa kidole. Mkono ulifanya wenyewe. Macho yake yalikuwa dirishani, yanamfuata jirani anayepita.

"Hicho kidole cha nini, mama?" aliuliza Sentimita.

"Hiki? Akiba ya mshono," alisema mama mkwe. "Ukikata kipimo kamili, ukishashona nguo imembana mtu. Lazima uiachie ya kushonea. Mimi siwazi hata kuwaza, mkono unaacha wenyewe. Mbona umepaliwa? Chai ya moto?"

"Ya moto, mama," alisema Sentimita, machozi yakimtoka.

Mkewe alipokuja kutoka maabara, Sentimita alimpeleka uani kwenye kamba ya nguo, wakasimama nyuma ya mashuka kama watu wanaokula njama.

"Mama Kijacho," alisema, maana siku hizo alimwita hivyo, "mama yako amezipa boriti akiba ya mshono."

Alimweleza yote. Mkewe alianza kwa kucheka. Alijiziba mdomo kwa shuka lenye maji, akacheka hadi akashikilia tumbo kwa mikono miwili. Halafu kicheko kikakatika katikati.

"Baba alijua?"

"Alijua. Ndiyo ile naimarisha yake."

Mkewe aliliachia shuka. "Usimwambie mama," alisema.

"Nikinyamaza ataendelea kuamini kwamba mzee hakumjali."

"Na ukisema utakuwa umemwambia kwamba sakafu yake aliichelewesha yeye mwenyewe. Mama! Ambaye hajakosea kipimo tangu azaliwe, muulize mwenyewe atakwambia. Na kwamba baba alibeba lawama yote ile kwa ajili yake, mpaka kaburini. Utamwambiaje mtu jambo hilo na baadaye akuandalie chakula?" Aliishika kola ya shati la mumewe, akainyoosha ingawa ilikuwa imenyooka. "Pigilia hiyo mbao ya tatu, laza sakafu, sema zimekaa. Boriti za baba zitapona, mama hataumia. Si ndicho ulichotaka?"

Ndicho alichotaka, na bado hakikumkaa moyoni. Lakini Sentimita alikuwa mtu wa amani, na zaidi ya hapo alimpenda mama mkwe, kwa mapenzi ya kweli kabisa, yale ya mtu aliyeshonewa mashati na mwanamke huyo kabla hajawa mkwewe. Kumtazama usoni na kumwambia umekosea lilikuwa jambo alilolihofia kuliko kutembea juu ya boriti bila kamba. Akaamua kunyamaza.

Siku ya pili alipanda mapema, akapigilia safu za kwanza, akafika kwenye mbao ya tatu. Aliigeuza mikononi. Alama za mzee zilikuwa nyepesi, kama za mtu ambaye mkono umeanza kuchoka.

"Sentimita!" Mama mkwe aliita kutoka chini. "Vipi huko? Zimekaa au zimekataa?"

"Zimekaa, mama!"

"Zote?"

"Zote!"

"Sasa mbona umesimama? Sikusikii ukigonga."

"Hapana, mama, nakuja huko," alisema Sentimita, anatafuta neno, neno lolote la kumtuliza, na mdomo ukaokota lililokuwa karibu. "Bado naimarisha kidogo tu."

Alijing'ata ulimi, lakini maneno yalikwisha kushuka. Cherehani ilinyamaza. Kiti kikasukumwa. Halafu akasikia ngazi ikilia, ngazi ya pili, ya tatu. Miguu iliyokanyaga pedeli maisha yake yote haikuogopa kupanda. Kitambaa cha kichwa cha mama mkwe kilitokeza kwanza, kisha uso wake, na uso huo haukuwa na utani hata chembe.

"Unaimarisha nini?" aliuliza.

"Mama, angalia huko, bado hapajafungwa..."

"Nimekuuliza, baba. Unaimarisha nini? Maana neno hilo nimelisikia sana katika nyumba hii, na hakuna siku niliyojibiwa."

Alitoka kwenye ngazi akakanyaga plaiwudi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusimama pale, na mwenyewe hakuwa na habari, alikuwa na hasira zake. Alitembea moja kwa moja kuelekea ukuta wa dirisha, hadi ukingo ambapo sakafu iliishia hatua moja kabla ya ukuta na boriti zilikuwa bado wazi. Akainama.

Sentimita alimwona akinyoosha mkono, akagusa ubao wa ukutani kwa ncha ya kidole.

"Hii chaki yangu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nakumbuka siku hii. Yeye kule ananitajia kipimo, mimi huku naweka alama. Nilikuwa nimevaa kofia yake ya kazi. Tulicheka sana siku hiyo, majirani wakatoka kututazama."

Alivua tepu ya kitambaa shingoni, akapima kutoka alama moja hadi nyingine. Akapima inayofuata. Aligeuka akatazama kule mwisho, alikosimama mumewe, kisha akatazama boriti zilivyofunguka zikimjia yeye. Hakupima tena. Alilaza kidole cha shahada pembeni ya alama, taratibu, na kidole kikajaza ile ziada yote, sawa kabisa.

"Nimeweka akiba," alisema. "Nimeziwekea mbao akiba ya mshono."

"Mama, hata mimi siku za kwanza..."

"Nyamaza kwanza." Alishika boriti, akaketi juu ya ukingo wa plaiwudi. Macho yake yalikwenda kwenye zile mbao mbili zilizoongezwa, yakazifuata kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwa kuwa alikuwa mtu aliyesoma mishono maisha yake yote, hakuhitaji kuelezwa. Mtu amerekebisha kitu kilichokatwa vibaya, bila kukifumua. "Alijua?"

"Alijua."

"Tangu lini?"

"Nadhani ukuta ulipokwisha kujengwa. Zilikuwa haziwezi kusogezwa tena. Akawa anakuja kuzinyoosha kila alipopata nafasi. Hizi mbili alizimaliza. Hii niliyoshika ndiyo ya mwisho, ilikuwa bado kupigiliwa tu."

"Na hakusema."

"Alisema anaimarisha."

Mama mkwe alicheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, cha kutoka tumboni, kikapiga bati na kurudi, halafu kikaendelea kupita mahali pa kicheko na kuwa kilio, na Sentimita akaja akaketi karibu yake kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Alimwachia bega. Lilikuwa na unga wa mbao, lakini halikukataliwa.

"Mjinga yule!" alisema mama mkwe alipopata pumzi. "Mjinga, mjinga! Nilimnunia, unajua? Hujui nilivyomnunia. Nilikuwa namwekea chakula nageuka. Namwambia sakafu za wenzako unazimaliza, yangu imekushinda. Na yeye anatafuna kimya, ananitazama kama ndiye mwenye kosa. Neno moja tu! Mke wangu, umekosea hapa. Basi. Lingemgharimu nini? Ningebisha kidogo, halafu ningekubali."

"Ungekubali, mama?"

Alifikiri. Alijifuta macho kwa ncha ya tepu.

"Nisingekubali," alisema kwa ukweli. "Lakini angeniambia. Tungegombana kwa kosa langu, si kwa kosa ambalo hakulifanya. Sasa nimemzika nikiwa na kinyongo, na kinyongo chenyewe si chake."

Sentimita alitamani kumwambia kwamba mzee hakuwa na kinyongo, kwamba mzee alikuwa anakufa kwa mapenzi juu ya fundi wake wa cherehani na dunia nzima ilijua. Badala yake alisema jambo lingine, kwa sababu lilikuwa linamchoma.

"Na mimi nilitaka kukuficha, mama. Ningepigilia hii, nikalaza sakafu, nikasema zimekaa."

"Nimeona. Kwa nini?"

"Nakupenda," alisema Sentimita, akaona haya, akatazama nyundo yake. "Sikutaka uumie."

"Na yeye ndivyo alivyosema moyoni mwake, kila siku, huku mimi namgeuzia mgongo." Alimshika mkono, akaukaza. "Sikiliza, mwanangu. Binti yangu atakukosea, maana amezaliwa na mimi. Akikukosea, mwambie. Akikununia, akununie kwa haki. Usije ukamfanyia wema wa kimya kama huu. Mimi nimetendewa, na hapa nilipo unaniuma kuliko matusi."

Jua lilikuwa limepanda kufikia dirisha, likaingia, likamwagika juu ya plaiwudi mpya na juu ya mapaja ya mama mkwe na mikono yake iliyolala hapo. Aliitazama ile mikono. Kisha akatazama dirisha, akashusha macho tena mikononi.

"Unaona linapoangukia?" aliuliza polepole. "Siku moja aliniketisha kwenye kiti changu cha kazi, akanipima kutoka sakafuni hadi kwenye viwiko. Nikamwambia umeanza lini ushonaji? Akasema we kaa tu. Kumbe alikuwa anapima dirisha, mwanga uniangukie mikononi." Alifungua viganja, mwanga ukavijaa. "Mji mzima nimeupima mimi. Aliyenipima mimi ni yeye peke yake."

Sentimita aligeuka pembeni akajifanya anatafuta msumari.

"Boriti je, mama?" aliuliza baadaye. "Nizing'oe?"

"Thubutu! Ukigusa mbao hata moja tutakosana." Alisimama, akakung'uta gauni, na ile sauti ya amri ikamrudia vipande vipande. "Na nyinyi mtalala chini."

"Mama?"

"Chumba hiki niliwapa kwa sababu nilidhani si changu. Sasa ni changu. Mkitoa cherehani yangu na mafurushi yangu ya vitambaa, ile sebule itawatosha nyinyi na mtoto na wageni wake. Akilia nitamsikia. Na cherehani mnaipandisha leo."

"Leo haiwezekani, mama, upande huu bado haujafungwa."

"Basi ufunge. Si mbao unayo mkononi? Shika mwisho wake huko alikokuwa anashika yeye, mimi nashika huku. Nitajie kipimo."

Sentimita alikwenda hadi ukuta wa mzee, akapiga magoti, akaisogeza mbao ya tatu kwenye alama yake. Alipima, kisha, kwa mazoea, akapima tena. Akataja kipimo kwa sauti. Upande wa dirisha akasikia chaki ikigusa mbao, na sauti ya mama mkwe, bado ina machozi ndani yake:

"Na safari hii ukiona nimekosea, sema."